Kujifunza kwadi ya klachi: kazi yote iko mkono wa kushoto

Nikiulizwa kama kwadi (ile pikipiki ya magurudumu manne) ya klachi ya mkono ni ngumu kujifunza huwa najibu hapana, kinachokuwa kigumu ni namna watu wanavyofundishwa. Mtu anapandishwa kwenye mashine, injini inawashwa, anaambiwa vuta klachi, ingiza gia ya kwanza, sasa achia klachi huku unatia gesi, haya twende. Hapo amepewa kazi nne kwa mpigo na hakuna hata moja ambayo mwili wake unaijua, kwahiyo ama injini itazima ama mashine itaruka mbele na yeye atarudi nyuma, na mtu akirudi nyuma anabana usukani kwa nguvu zote, na kidole gumba kiko palepale kwenye gesi kwahiyo nacho kinabana. Mashine inazidi kukimbia, yeye anazidi kubana. Ndo hivyo mtu anaishia kwenye mti siku ya kwanza alafu anaondoka anasema klachi imemshinda.

Mimi nilibahatika kwa mwalimu. Ni binamu yangu, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, namwita Kaka tu, na yeye ana msimamo mmoja ambao mwanzoni niliona ananichelewesha: hugusi gesi mpaka mkono wa kushoto uijue kazi yake. Sio kuielewa, kuijua. Tangu hapo nimeshaona watu kadhaa wakijifunza kwa njia hii na wengine kwa njia ile ya haya twende, na nakubaliana na Kaka kabisa, ndo maana naandika hii.

Tuelewane kwanza ni mashine zipi. Kwadi nyingi za kazi za shamba na mizigo, na nyingi za kukodisha, ni za otomatiki, ndani kuna mkanda unaobadilisha mwendo wenyewe, we unabonyeza gesi inaenda, unaachia inapunguza. Zenye klachi ya mkono ni zile za spoti, kina Yamaha Raptor 700 na YFZ450R, Honda TRX400EX, Suzuki LT-Z400, na ile Yamaha Banshee ya zamani yenye injini ya tu-stroki ambayo wenyewe bado wanaitunza kama mtoto. Kwenye hizo klachi iko mkono wa kushoto, gia iko mguu wa kushoto, breki ya mbele mkono wa kulia, breki ya nyuma mguu wa kulia, na gesi ni kile kidude kidogo cha kusukuma kwa kidole gumba cha kulia. Kwenye nyingi gia ya kwanza unakanyaga chini, zinazobaki zote unainua kwa juu ya kiatu, na nyutro, yaani hakuna gia iliyoingia, imejificha katikati ya ya kwanza na ya pili. Honda wana TRX250X yenye klachi ya aina mbili kwa pamoja, ina levo ya mkono lakini pia ukisahau kuivuta wakati wa kusimama injini haizimi, na kwa mtu mwenye woga inasaidia kuanza, ila mimi naona inakunyima somo lenyewe.

Sasa kuna mtego hapa ambao sijui kwanini hausemwi zaidi. Kwenye kwadi nyingi za otomatiki levo ya mkono wa kushoto ni BREKI. Kwenye baiskeli pia kushoto kuna breki. Kwahiyo mtu ambaye ameshaendesha otomatiki, au ambaye amekua na baiskeli, ana mkono wa kushoto ambao miaka yote umefundishwa kwamba ukiogopa, minya. Mpandishe kwenye kwadi ya klachi, muweke kwenye kateremko kadogo, atakapoogopa atavuta ile levo ya kushoto kwa imani yote na mashine badala ya kupunguza itaachiwa huru, maana klachi ikivutwa injini haishikilii tena magurudumu, inaserereka tu kwa uzito wake. Anavuta zaidi, inaenda zaidi. Mtu mwenye uzoefu wa otomatiki yuko kwenye hatari kubwa kuliko yule ambaye hajawahi kupanda chochote, na ndo huyohuyo anayeambiwa we si unajua bana, haya washa.

Dawa yake ni kusukumwa injini ikiwa imezimwa. Kaka aliniweka juu, nyutro, akanisukuma kwenye uwanja tambarare huku anasema simama, na kusimama maana yake vidole vya kulia na mguu wa kulia. Simama. Simama. Akiona vidole vya kushoto vimetangulia ananyamaza tu anaanza upya. Ni kazi inayochosha kwa anayesukuma lakini hakuna njia ya mkato, mkono hausikii maneno, unasikia kurudia.

Injini ikiwa bado imezimwa ndo mahali pazuri pa kujua mguu pia. Vuta klachi, kanyaga chini, sikia ule mlio wa klaki, hio ni ya kwanza. Inua kidogo, nusu ya kawaida, taa ya kijani inawaka kama swichi iko on, hio nyutro. Inua kabisa, ya pili. Mara nyingine mashine ikiwa imesimama gia inagoma kuingia na watu wanaanza kuikanyaga kwa hasira, usifanye hivyo, ni meno ya ndani hayajakutana, isukume mashine nzima mbele kidogo na nyuma kidogo huku umebonyeza taratibu na itaingia yenyewe.

Alafu ndo linakuja somo ambalo kwangu mimi ndo lenyewe.

Washa injini, iache ipate joto. Hii usiiruke, maana klachi ya hizi mashine ni pleti nyingi zilizopangwa pamoja, moja ya msuguano moja ya chuma, zinaogelea kwenye oili, kwa nyingi ileile ya injini, na oili ikiwa baridi ni nzito inazifanya zigande, ukiingiza gia unaskia mashine inashtuka mbele hata kama umevuta klachi mpaka mwisho. Ikishapata joto vuta klachi yote, ingiza ya kwanza, na toa kabisa kidole gumba kwenye gesi. Kaka alinifanya nishike usukani kidole gumba kikiwa kimeenda chini pamoja na wenzake, ili hata nikitaka nisiweze. Alafu achia klachi kwa polepole kiasi kwamba unajiona mjinga, milimita kwa milimita, na usitazame mkono, sikiliza.

Mwanzo hakuna kinachotokea. Levo inatembea tu, hewa. Alafu inafika sehemu sauti ya injini inashuka, sio sana, inakuwa nzito kidogo, na ukiwa umekaa vizuri unaskia siti ikizama kidogo nyuma na cheni inakaza. Mashine bado haijaenda. "Hapo hapo," Kaka akasema, "baki hapo usiende popote." Nikabaki. Akaniambia rudisha kidogo, sauti ikapanda ikarudi nyepesi. Leta tena, ikashuka. Rudisha. Leta. Tulikaa hapo muda mrefu bila kwadi kutembea hata hatua moja, mimi nikicheza kwenye hicho kipande kidogo ambacho ni kama upana wa kidole, na hapo ndo nikaelewa kwamba klachi sio swichi ya kuwasha na kuzima. Katikati kuna eneo zima ambalo pleti zinagusana lakini bado zinateleza, na uendeshaji wote wa taratibu unaishi humo ndani. Kuondoka ni humo, kupita juu ya mawe ni humo, kugeuza kwenye njia nyembamba ni humo.

Baada ya hapo akasema sasa achia kidogo zaidi alafu tulia. Kwadi ikaanza kutembea yenyewe, bila gesi, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hiki ndo kitu naomba kila anayejifunza akione: kwenye ardhi tambarare injini yenye afya ina nguvu ya kukuondoa bila wewe kugusa gesi hata kidogo. Ukishajua hivyo ile hofu ya kwamba lazima upige resi ndo usizimishe inaondoka. Unaondoka, unavuta klachi, unasimama kwa breki ya kulia. Unaondoka tena. Ikizima hakuna neno, umeachia haraka, vuta washa endelea. Fanya mpaka uchoke, alafu fanya tena baada ya kupumzika, maana mkono uliochoka unaachia kwa kushtuka na hapo unajifunza kitu kibaya.

Gesi inakuja ya mwisho na inakuja kidogo. Kwadi nyingi zina skrubu kwenye kile kisanduku cha gesi inayozuia kidole gumba kisiende mbali, kwa mwanafunzi iingizeni ndani, haina aibu yoyote. Na zile zenye kamba ya usalama inayofungwa mkononi ambayo ukitoka kwenye siti inachomoka injini inazima, ifungeni kweli isining'inie tu kwa mapambo. Mpangilio ni klachi mpaka inaposhika, tulia hapo, ongeza gesi chembe mpaka usikie injini imepata uhai, alafu malizia kuachia. Ukianza na gesi nyingi alafu ukaachia klachi ghafla kwenye zile zenye nguvu, magurudumu ya mbele yanaondoka chini. Na ikitokea pua imeinuka mkono wa kushoto ndo unaokuokoa, vuta klachi na nguvu inakatika papo hapo, mbele inarudi chini. Kwa hili klachi ya mkono naipenda kuliko otomatiki yoyote, umekaa na kidole juu ya kitu kinachokata nguvu yote kwa sekunde moja bila kungoja injini ipunguze. Kwahiyo vidole viwili vinakaa juu ya levo muda wote wa kujifunza, hata ukiwa unaenda tu moja kwa moja.

Nguo sitaongea sana, helmeti, glavu, miwani ya kuzuia vumbi, buti ndefu za kufunika kifundo, mikono mirefu. Ila kuhusu miguu lazima niseme. Waliotoka kwenye pikipiki wana tabia ya kushusha mguu wakisimama au wakihisi wanaegemea. Kwenye kwadi mguu haushuki kamwe, tairi la nyuma liko nyuma ya kisigino chako palepale na ukigusa ardhi mashine ikiwa inatembea linaupanda mguu na kukuvuta chini. Ina magurudumu manne, haitaanguka kwa sababu umesimama. Miguu kwenye vikanyagio mpaka uamue kushuka.

Kubadilisha gia, watu wanaogopa hapa lakini ukishakuwa na klachi mkononi ni sehemu nyepesi kuliko zote. Kupanda: achia gesi, vuta klachi, inua mguu, achia klachi, gesi. Sio lazima uvute mpaka mwisho na huhitaji kuachia polepole kama wakati wa kuondoka, maana mashine tayari inatembea na tofauti ya mwendo ni ndogo. Kushuka ndo kunahitaji utulivu zaidi. Ukishusha kutoka ya tatu kwenda ya pili ukiwa bado na spidi alafu ukaachia klachi yote kwa pamoja, injini inalazimishwa kuzunguka haraka na magurudumu ya nyuma yanafunga, nyuma inateleza, na kwenye kona hio ni mbaya sana. Punguza kwanza kwa breki, shusha moja, achia klachi taratibu kupitia lile eneo la kuteleza, ndo shusha nyingine. Wazoefu wanagusa gesi kidogo katikati ili injini ipande ikutane na gia, utafika huko, usikimbilie.

Na ujizoeze kusimama ukiwa umeshafika ya kwanza. Ukisimama kwenye ya tatu utataka kuondoka kwenye ya tatu, injini italia, pleti zitateleza muda mrefu zikiungua, na utaskia harufu. Harufu ya klachi ukiishaisikia mara moja hutaisahau.

Kona nazo zina siri yake ambayo inahusiana na haya. Kwadi nyingi za spoti zina ekseli moja nzima nyuma, hakuna difu (kile kinachoruhusu matairi mawili yazunguke kwa kasi tofauti), tairi la kushoto na la kulia yanazunguka sawasawa kila wakati. Sasa kwenye kona tairi la nje linatakiwa kutembea umbali mrefu kuliko la ndani na haliwezi, kwahiyo mashine inataka kwenda moja kwa moja, unakata usukani na yenyewe inakusukuma mbele. Inabidi uisaidie kwa mwili: egemea kiwiliwili ndani ya kona, sogeza makalio ndani, alafu kanyaga kwa nguvu kikanyagio cha nje, hapo tairi la ndani linapata uzito mdogo na linakubali kuteleza. Fanya kwanza ukiwa kwenye ya kwanza, mwendo wa kutembea, klachi ikiwa kwenye lile eneo la kushika nusu. Duara kubwa, duara dogo, umbo la nane. Usivute klachi yote katikati ya kona, mashine ikikosa nguvu ya kuisukuma inakuwa nzito na inakata tamaa, usukani unakuwa mgumu na wewe unajikuta nje ya njia.

Milima niliona kwanza kwa macho kabla sijaruhusiwa. Kupanda, chagua gia chini kabla hujaanza, ya pili kwa mlima wa kawaida au ya kwanza kwa mkali, na mwili uje mbele. Kubadilisha gia katikati ya mlima ni kupoteza mwendo wote sekunde ileile unayouhitaji. Ikizima mlimani, shika breki zote mbili papo hapo kabla haijaanza kurudi, na kama gia imeingia na klachi umeachia, injini iliyozimwa yenyewe inasaidia kushikilia magurudumu. Kosa ni kuvuta klachi kwa mazoea, kwa sababu hapo umeondoa mshiko uliobaki na inaanza kurudi nyuma na wewe juu yake. Ikishaanza kurudi usikanyage breki ya nyuma kwa ghafla, ndo namna inavyokupindukia, lalia mbele upande wa juu wa mlima na tumia breki ya mbele kidogo kidogo. Kushuka ni kinyume, uzito nyuma, gia ya chini, klachi umeiachia kabisa, injini ndo inakuwa breki yako, na vile vidole vya kushoto vilivyozoea baiskeli vinakaa mbali.

Mwisho ni mashine yenyewe, maana kuna mtu analaumu mkono wake kumbe ni waya wa klachi. Levo ya klachi lazima iwe na mchezo mdogo mwanzoni, sentimita moja hivi kwenye ncha yake kabla haijaanza kukaza, ila kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha mashine yako. Ikikaza mno bila mchezo klachi haishiki yote, unatia gesi injini inapiga kelele na mwendo hauongezeki, pleti zinakwisha. Ikilegea mno haiachii yote, gia zinaingia kwa kishindo na nyutro huipati ukiwa umesimama hata ufanyeje. Kuna nati ya kurekebisha pale pale kwenye levo, inazunguka kwa vidole. Oili nayo isiwe ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano, pleti zitateleza, tafuta iliyoandikwa JASO MA au MA2 (ni viwango vya oili za pikipiki) kwenye chupa, hio imetengenezwa kwa klachi inayoogelea kwenye oili. Sio MB, hio ni ya skuta.

Na kama vidole vinauma baada ya muda mfupi, angalia waya kabla hujasema huna nguvu. Waya mkavu wenye vumbi ndani unaweza kufanya levo iwe nzito sana. Wa kwadi ya Kaka ulikuwa hivyo, tukauchomoa juu kwenye levo, tukamimina mafuta mepesi taratibu mpaka yakatokea chini, tukarudisha tukaseti mchezo upya, na nikaanza kuvuta kwa vidole viwili badala ya vinne. Tangu siku ile ndo navyoendesha.